Mkazo Uliofichwa ndani ya *wesaną

Kamusi za Kigermaniki Mame hukitaja kitenzi cha "kuwa" kwa umbo *wesaną. Kinyota cha mbele kinamwambia msomaji kwamba neno hili halijapatikana katika andiko lolote; wanaisimu wameliunda upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye. Kwangu mimi, kidahizo hicho kinakipunja kitenzi chenyewe, kwani utamu wake uko katika wakati uliopita: umoja *was, wingi *wēzun.

Itazame konsonanti ya pili ya mzizi. Kwenye umoja ni s, kwenye wingi ni z, ilhali mzizi ni uleule. Katika lugha za magharibi na za kaskazini z hiyo iligeuka r, ndiyo maana Kiingereza cha Kale kina wæs na wǣron, na cha leo was na were.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Karl Verner wa Denmark, katika makala iliyochapishwa mwaka 1877. Alionyesha kwamba s iliyokaa kati ya sauti ghuna nayo ilighunishwa, isipokuwa pale mkazo ulipoangukia silabi iliyoitangulia. Katika lugha mame ya Kihindi-Ulaya, umoja wa kitenzi hiki ulikuwa na mkazo kwenye mzizi. Wingi ulikuwa nao kwenye kiambishi tamati. Baadaye Kigermaniki kiliuhamishia mkazo kwenye silabi ya kwanza, sababu ikafutika, tokeo likabaki. Kwa hiyo r ya were ni alama ya mkazo uliokoma kabla Kiingereza hakijakuwapo. Sijui hoja nyingine ya isimu inayonipendeza kuliko hii: konsonanti imetunza habari za lafudhi ambayo hakuna sikio lililo hai lililowahi kuisikia.

Hapa ndipo Kigothi kinapotushangaza. Biblia iliyotafsiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya 4 ndiyo andiko refu la kale kuliko yote ya familia hii, lakini ndani yake tunakuta was na wesun, s pande zote mbili. Kijerumani nacho kilikuwa na was na wārun, kisha kikasawazisha kwa kuifuata r: war, waren. Anayeunda upya kwa kumwamini shahidi mkongwe peke yake angeikosa z kabisa.

Maana nayo ilisafiri. Kisanskriti kina vasati, "anakaa, analala mahali", kutoka mzizi huohuo. "Kuwa" ilizuka kutokana na "kukaa". Wakati uliopo ulikwisha kupata mzizi wake mwingine, ule wa is na ist, kama sisi tunavyosema "ni mwalimu" lakini "alikuwa mwalimu". Na Kigothi, kilichoipoteza z, kwa upande huu kinastahili sifa: wisan yake humaanisha "kuwa", na mahali pengine bado humaanisha "kubaki".