Kina cha Picha na Kina cha Hadithi: Wahakiki mbele ya filamu "Journey 2: The Mysterious Island"

Filamu ya Brad Peyton ilipotolewa mwaka 2012, hukumu ya wahakiki wa Marekani ilikuwa nzito kuliko ile ya watazamaji. Katika mizani ya Rotten Tomatoes, inayojumlisha maoni ya magazeti na majarida, walioisifu hawakufikia nusu. Watazamaji walioulizwa walipokuwa wakitoka katika majumba ya sinema waliipa alama ya A-. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 79, nayo ikakusanya takriban milioni 335 duniani, ambazo zaidi ya theluthi mbili zilitoka nje ya Marekani na Kanada. Ni desturi kuieleza tofauti ya namna hii kwa kudai ama kwamba wahakiki wana majivuno, ama kwamba umma hauna ladha. Madai yote mawili ni mepesi mno. Lifaalo kuulizwa ni hili: wahakiki walihukumu kitu gani hasa?

Hadithi yenyewe ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 2008 iliyotokana na riwaya ya Jules Verne kuhusu safari ya kuelekea kitovu cha dunia. Kijana Sean anapokea ujumbe wa siri kwa redio. Baba yake wa kambo, Hank, aliyewahi kufumbua maandishi ya siri katika jeshi la majini, anamsaidia kuufumbua. Ujumbe unaelekeza kwenye vitabu vitatu: kimoja cha Verne, kimoja cha Stevenson, kimoja cha Swift. Ramani za visiwa vyao zinawekwa moja juu ya nyingine, taa inamulika kutoka chini, na visiwa vitatu vinakuwa kimoja. Wawili hao wanasafiri hadi Palau, wanakodi helikopta ya Gabato anayefuatana na binti yake Kailani, wanaangushwa na tufani, kisha wanamkuta babu yake Sean katika kisiwa ambamo tembo ni wadogo na nyuki wakubwa. Anayewacheka tembo hao na akumbuke kwamba Sicilia, Malta na Saiprasi viliwahi kuwa na tembo wafupi, wengine wa kimo cha mita moja hivi, na kwamba J. Bristol Foster alieleza mwaka 1964 jinsi wanyama wakubwa wanavyoelekea kupungua visiwani na wadogo kukua. Nyuki wa kupandwa kama farasi ni jambo jingine.

Lawama ya kwanza iliihusu fani, yaani vipimo vitatu. Haikuzaliwa na filamu hii. Baada ya "Avatar" kutolewa Desemba 2009, majumba ya sinema yalifurika filamu za miwani, na Roger Ebert aliandika katika Newsweek mwaka 2010 kwamba aliichukia mbinu hiyo, akilalamikia hasa picha zinazofifia na tikiti zinazopanda bei. Mwaka 2011 alichapisha barua ya Walter Murch, mhariri wa filamu na mtaalamu wa sauti, iliyoeleza tatizo kwa upande wa macho: mboni hulenga mwanga kwenye kitambaa cha sinema kilicho mahali pamoja, huku macho mawili yakilazimika kukutana mahali pengine, mara mbele ya kitambaa, mara nyuma yake. Maumbile hayakumzoeza binadamu kazi hiyo. Hoja ni nzito, lakini inahusu chombo, na ingetumika sawasawa kwa filamu yoyote ya aina hiyo, nzuri au mbaya.

Hapa lugha inaweza kusaidia. Wafaransa huita sinema hiyo "en relief", yaani yenye kuinuka, kana kwamba picha inamjia mtazamaji. Kiswahili kinapohesabu urefu, upana na kina, kipimo cha tatu kinaelekea ndani. Majina hayo mawili yanataja matumizi mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Hank anapozidunda tunda kwa misuli ya kifua chake zikaruka kuelekea ukumbini, hiyo ni picha ya kuinuka: mzaha wa sekunde chache ambao wahakiki wengi waliutaja, na ambao watoto waliufurahia. Msitu unapofunguka na bonde la kisiwa kuonekana hadi mbali, hicho ni kina. Mhakiki anayezikataa namna zote mbili kwa neno moja hajatazama vya kutosha.

Lawama ya pili iliihusu hadhira. Muhtasari ulioenea ulisema kwamba filamu ni kali mno kwa wadogo na ya kikatuni mno kwa wakubwa. Lakini kazi ya jamaa nzima haitazamwi na mtu mmoja mwenye umri wa wastani. Katika ngano za jioni mtoto humcheka sungura, na mzee husikia jambo jingine katika maneno yale yale. Hakuna anayemlaumu fanani kwa hilo. Ebert, pamoja na chuki yake kwa miwani, alikuwa mwadilifu zaidi: alikiri kwamba filamu si nzuri kwa maana ya kawaida, ila akaiona changamfu na ya kupendeza macho, na akawasifu Michael Caine na Dwayne Johnson kwa mvuto wao. Hukumu hiyo inaonyesha alichokiona, si jinsi alivyochoshwa tu.

Hata hivyo, penye uzito ni kwingine, nako ni kwenye maudhui. Filamu inadai jambo lisilo la kawaida katika sinema ya vijana: kwamba kitabu kinaokoa maisha. Sean anaisoma riwaya kama shahidi wa kweli. Vitabu viwili kati ya vile vitatu vina historia hata katika Kiswahili, kwani "Safari za Gulliver" na "Kisiwa chenye Hazina" vilitafsiriwa kati ya vita viwili vya dunia, katika kazi inayofungamana na jina la Frederick Johnson, na vikasomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki. Basi dai la filamu lilistahili kupimwa.

Likipimwa, linapungua. Katika "L'Île mystérieuse" (1874-1875), wafungwa wanaotoroka Richmond kwa puto mwaka 1865 wanafika kisiwani mikono mitupu. Mhandisi Cyrus Smith na wenzake wanafinyanga matofali, wanayeyusha chuma, wanatengeneza baruti kali, wanatandaza waya wa telegrafu. Maarifa ni jasho. Katika filamu hakuna anayetengeneza chochote cha haja. Kila kitu kinaokotwa: dhahabu mlimani, Nautilus majini, umeme mwilini mwa mkunga. Kitabu kimegeuzwa ramani, na kusoma kumekuwa kufuata mistari iliyokwisha kuchorwa. Ufukara wa filamu umo humo, na mhakiki aliyeshughulika na matunda yanayoruka aliupita bila kuuona.

Hilo halimaanishi kwamba riwaya ni safi. Miongoni mwa mashujaa wa Verne yumo Nab, Mwafrika wa Marekani aliyeachwa huru na bwana wake, naye anabaki jikoni, mwaminifu kupita kiasi, akifanywa mwenzi wa orangutani Jup katika shughuli za nyumba. Filamu imemwondoa, lakini nafasi yake haikubaki tupu. Gabato wa Palau, aliyechezwa na Luis Guzmán mzaliwa wa Puerto Rico, ndiye mwoga na mchekeshaji, tena anayeikimbilia dhahabu kwa ajili ya masomo ya binti yake. Sababu hiyo ni ya heshima kuliko zote zilizomo katika hadithi, na ndiyo inayochekwa. Palau, nchi huru tangu 1994, inatumika kama kituo cha kukodi helikopta, na mandhari ya kisiwa yalipigwa picha Hawaii. Uhakiki unaolinganisha filamu na Verne kwa kutafuta uaminifu peke yake utamsahau Nab. Ule unaoitazama kama mchezo wa watoto peke yake utamsahau Gabato.

Mwishoni Sean anapewa kitabu kingine cha Verne, "De la Terre à la Lune" cha mwaka 1865, kama ahadi ya filamu ya tatu. Filamu hiyo haikutengenezwa. Katika kitabu hicho kazi kubwa ni hesabu, uhunzi na michango ya fedha. Hakuna kisiwa wala hazina ya kuokota, na ukurasa wa mwisho unawaacha wasafiri wangali angani, hawajatua mwezini.