Toa boksi, weka reki? Tuikague kauli hii kabla chesisi haijakatwa

Ukimiliki Land Rover ya Series au gari lolote kukuu la aina hiyo pale Kasulu au Kibondo, ushauri huu utakufikia tu hata kama hukuuomba: toa boksi la stelingi, weka reki ya Toyota ndogo, gari litakuwa jepesi kama jipya. Anayekushauri anaweza kuwa fundi au dereva mwenzako. Inaweza pia kuwa video ya dakika moja ya muuzaji wa ng'ambo, ambaye seti yake inakuja kamili kwenye katoni, bolti zote zikiwemo.

Leo tuihakiki kauli hii kama tunavyohakiki dai lolote la kisayansi. Inasema nini? Imesimama juu ya nini? Inavunjikia wapi?

Kwanza, kwa nini imeshika kasi sasa? Nadhani sababu ni barabara. Miaka mingi, safari ya Kasulu hadi Kibondo kupitia Makere ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Mwendo ulikuwa mdogo, na usukani ukicheza kidogo hakuna aliyejali. Mradi wa Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, wa kilomita zipatazo 260, ukaleta lami. Gari lililokuwa likitembea kilomita 30 kwa saa sasa linasukumwa hadi 80, na nyuma lina magunia ya maharage na watu juu yake. Ulegevu uleule uliokuwa kero sasa ni hatari. Kwa hiyo mwenye gari ana haki ya kutafuta dawa. Swali langu ni kama amepewa dawa ya ugonjwa wake.

Twende taratibu. Ndani ya boksi la stelingi la magari haya kuna shafti yenye nyuzi kama skrubu. Juu yake inapanda na kushuka nati, na katikati yao zinabingirika gololi ndogo za chuma ili kupunguza msuguano. Nati inageuza mkono, na mkono unasukuma fimbo zinazokwenda kwenye magurudumu. Reki ni rahisi zaidi: gia ndogo mwishoni mwa shafti ya usukani inauma fimbo yenye meno, fimbo inakwenda kushoto au kulia, na kila ncha yake inavuta gurudumu moja kupitia tairodi fupi.

Kauli ya gereji ina ukweli wake, tuupe heshima. Reki ina vyuma vichache na viungo vichache vya kulegea. Ni nyepesi, na dereva anaihisi barabara moja kwa moja. Kwenye Land Rover za Series, kati ya boksi na gurudumu kuna pia kifaa cha kupokezana ambacho mafundi hukiita rilei, na kila kiungo kinaongeza ulegevu wake. Ukihesabu viungo peke yake, reki inashinda.

Lakini kauli inaposema reki ni bora kwa sababu ni ya kisasa, inaanza kuteleza. Citroën Traction Avant ilikuwa na reki mwaka 1936. Morris Minor ilitoka nayo mwaka 1948. Na wale wa upande wa pili, wanaosema reki ni laini mno kwa barabara zetu, nao wanateleza. Peugeot 404 ilikuwa na reki, na ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504, yenye reki pia, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Volkswagen ya mgongo wa kobe, isiyo na reki, ilikuwa imeshinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Sasa utasema ipi ni imara? Zote zilipita kwenye tope la Afrika Mashariki na kufika. Jibu halimo kwenye reki wala kwenye boksi.

Jibu limo kwenye ekseli.

Peugeot 404 ina magurudumu ya mbele yanayojitegemea: la kushoto likipanda jiwe, la kulia halilazimiki kusogea. Kila gurudumu linapanda na kushuka kwa kufuata mstari wake, na mhandisi alipanga urefu na mahali pa tairodi ili nayo ifuate karibu mstari uleule. Land Rover ya Series ina ekseli nzima moja, imekaa juu ya springi za vyuma bapa. Ekseli ikipanda, kila kitu kilichofungwa juu yake kinapanda nayo. Ndiyo maana waliolisanifu waliweka fimbo ndefu inayounganisha gurudumu na gurudumu, ikisafiri pamoja na ekseli, kisha fimbo moja tu inatoka upande wa chesisi kuja kulisukuma gurudumu mojawapo. Shimo lolote utakalolipiga, magurudumu mawili yanabaki yameelekea upande mmoja.

Sasa funga reki kwenye chesisi ya gari hilo. Fimbo ile ndefu imeondolewa, na mahali pake kuna tairodi mbili fupi, kila moja na gurudumu lake. Chukua kalamu tupige hesabu ya Pythagoras, ileile ya sekondari.

Tuseme kila tairodi ina sentimita 30 na imelala sawa. Umepiga tuta, ekseli imepanda sentimita 8 kuelekea chesisi. Tairodi haiwezi kurefuka, inainama tu. Urefu wake wa ulalo sasa ni kipeuo cha pili cha 900 kutoa 64, yaani karibu sentimita 28.9. Zimepotea sentimita 1.1. Kama mkono wa gurudumu una sentimita 15, huo ni mgeuko wa takribani nyuzi 4. Na kumbuka tairodi ziko mbili, kila moja inavuta gurudumu lake kuelekea katikati. Moja linageukia kushoto nyuzi 4, jingine kulia nyuzi 4, wakati wewe umeshika usukani wima kabisa!

Kwenye lami kavu, matairi yanasagwa. Kwenye kingo yenye changarawe, tairi lililo juu ya lami linashika na lililo juu ya kokoto linateleza, gari linafuata lile lililoshika. Hapo dereva hakukata kona. Kona imemkata yeye.

Kwa haki, mfumo wa asili nao una kosa lake. Ile fimbo moja inayotoka upande wa chesisi pia inainama. Lakini ikiwa na urefu wa, tuseme, sentimita 90, kwa mpando uleule inapoteza kama milimita 3.6 tu, karibu nyuzi 1.4. Na magurudumu yote mawili yanageuka pamoja, kosa ambalo mkono wa dereva unaweza kulirekebisha. Magurudumu yanayotazamana hakuna mkono unaoweza kuyarekebisha.

Kama hesabu yangu huiamini, waangalie wenye viwanda. Toyota iliuza Land Cruiser 100 yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, ikaipa reki. Kipindi hichohicho iliuza 105, umbo karibu lilelile lakini ekseli nzima, ikaiachia boksi la gololi. Land Cruiser za familia ya 70, zile utakazoziona kila siku zikielekea kambi ya Nyarugusu, zina ekseli nzima mbele na boksi. Volkswagen nayo ilipoweka reki kwenye kobe, kwenye modeli ya 1975, iliiweka kwenye 1303 iliyokuwa na mfumo mpya wa mbele. Kobe wa kawaida aliendelea na boksi hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2003. Hawa watu wanajua bei ya kila bolti. Wangeweza kuokoa fedha kwa reki, wangeokoa.

Utaniuliza: je, reki ikifungwa juu ya ekseli yenyewe? Swali zuri. Tatizo la tairodi kuinama linaondoka. Lakini sasa shafti ya usukani lazima irefuke na kufupika kila ekseli inapocheza, na reki iliyotengenezwa kwa gari dogo inapokea kila pigo la barabara bila springi kuipunguzia. Na gari halina pawa stelingi. Ukitoka kwenye uwiano wa 20 kwa 1 kwenda 15 kwa 1, mikono yako inahitaji nguvu zaidi kwa theluthi moja. Huo ndio "wepesi" ulioahidiwa?

Kwa hiyo, kabla ya kukata chesisi, tafuta ugonjwa. Zima injini, mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine achungulie chini. Fuata mwendo kutoka kiungo hadi kiungo. Pale unapoingia na hautoki, ndipo palipolegea: tairodi endi, rilei, au boksi lenyewe. Kisha nyanyua gurudumu, weka vizuizi imara, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, tazama bearing na kingpini. Vipuri hivi vinabadilishwa kimoja kimoja, na fundi akikosea leo, kesho anarekebisha. Chesisi iliyokatwa hairudi.

Na kama tayari umefungiwa reki, dai kipimo kimoja kabla ya kulipa. Funga usukani usigeuke. Pima kwa tepu umbali kati ya matairi ya mbele, mbele yake na nyuma yake. Pakia mizigo mpaka springi zilale, pima tena. Namba zikibadilika wazi, usikubali maelezo mengine. Usiwapakie watu.

Hukumu yangu basi: reki ni kifaa kizuri, na kwenye gari lenye magurudumu yanayojitegemea, lililopimwa vizuri, inaweza kuwa faida ya kweli. Kwenye Land Rover ya ekseli nzima, kauli ya "toa boksi, weka reki" inauza nusu ya mfumo na kuiita mfumo mzima. Fundi anayeirudia anaweza kuwa stadi wa kuchomelea kuliko wote mjini. Muulize tu swali moja: ekseli ikipanda, tairodi inakwenda wapi?