Waliosoma Magunia ya Mkaa

Mabomu yaliyolipuka Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998 yaliua watu 224. Wataalamu wa tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 walikadiria baadaye kuwa maandalizi ya milipuko hiyo ya kwetu yaligharimu takriban dola 10,000 tu. Pesa ndogo kiasi hicho hupita benki bila mtu kushtuka. Ndiyo maana mchunguzi anayeijua kazi yake haivizii hela ya bomu. Anaitafuta biashara inayowalisha wapiganaji mwaka hadi mwaka, na kwa Al-Shabaab wa Somalia biashara mojawapo ilikuwa mkaa.

Mkaa wa mgunga kutoka kusini mwa Somalia unapendwa sana Ghuba. Unakaa na moto muda mrefu, unafaa kwa shisha na kwa kuchomea nyama. Februari 22, 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036 kuzuia usiuzwe nje. Kujua nani analikiuka kukabaki mikononi mwa kikundi kidogo cha wachunguzi, Kundi la Ufuatiliaji la Somalia na Eritrea. Nawaheshimu sana watu wale kwa namna walivyoifanya kazi hiyo.

Jahazi limetia nanga na shehena yake. Nahodha anatoa cheti cha kuonyesha mkaa ulikotoka: Komoro, au Ghana, au Ivory Coast. Muhuri upo, sahihi ipo. Mwenye haraka atalipitisha. Mchunguzi anaketi na kuuliza. Huu ni mkaa wa mti gani? Jahazi lilipita wapi? Ofisi iliyotajwa kwenye muhuri inakitambua cheti hiki? Na visiwa vya Komoro, kwa udogo wake, vina misitu gani ya kujaza jahazi baada ya jahazi? Nchi kavu nako picha za satelaiti zinatoa ushahidi wake, maana kila tanuri la mkaa huacha doa jeusi ardhini, na madoa yanahesabika.

Wauzaji nao hawakulala. Mwaka 2018 kundi lile la wachunguzi lilieleza kuwa shehena sasa zilishushwa kwanza Irani, mkaa ukatiwa kwenye magunia mapya yaliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Irani, kisha ukavushwa hadi Dubai. Lilikadiria kuwa Al-Shabaab walivuna angalau dola milioni 7.5 kwa mwaka kwa kuutoza mkaa ushuru. Likaonyesha pia kizuizi chao kimoja cha barabarani, kilomita 160 kaskazini-magharibi mwa Mogadishu kwenye njia ya Baidoa, kikiingiza kama dola milioni 10 kwa mwaka. Dereva akilipa, anapewa risiti. Hapo ndipo navutiwa zaidi: mpango uleule wa risiti na daftari unaowapa Al-Shabaab nguvu ndio unaoacha alama za kuwafuatilia, mradi apatikane mtu mwenye subira ya kujumlisha.

Subira hiyo iliambatana na ujasiri. Bandari ya Kismayo ya Somalia ilitwaliwa kutoka kwa Al-Shabaab mwaka 2012 na majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali, lakini mkaa haukukoma kutoka bandarini. Wachunguzi waliliandika hilo pia, ingawa Kenya ilikana jeshi lake kuhusika.

Linganisha na Novemba 2001, Marekani ilipoifungia Al-Barakaat, kampuni kubwa ya hawala iliyokuwa ikifikisha Somalia fedha za ndugu walio ughaibuni. Wataalamu wa tume ileile ya Septemba 11 walipokuja kupekua, hawakupata ushahidi kuwa kampuni hiyo iliifadhili Al-Qaeda. Huku nyuma, familia zilizotegemea hela ya mwezi kwa unga na karo zilikuwa zimeshaumia. Kukata mfereji wa fedha bila kujua unamnywesha nani ni dhuluma, na mimi siihesabu kuwa sehemu ya ufundi huu wa kufuatilia fedha.

Nawe msomaji uliye Muscat, Dubai au Sharjah, ukinunua mkaa muulize muuzaji umetoka wapi. Akikuonyesha maandishi ya gunia, muulize tena.