Inatafuta Kwao

Iulize kompyuta ya Linux saa ngapi. Unaandika neno moja, date, unabonyeza kitufe, na jibu linakuja la mstari mmoja: siku, tarehe, saa, mwaka. Basi. Sasa rudia swali lilelile, ila tanguliza neno strace. Hapo skrini inafurika. Kila mstari unaopita ni ombi ambalo programu ile ndogo imelipeleka kwa kerneli, mwenye nyumba anayeshika funguo zote za mashine: nifungulie faili hii, nisomee, nigawie kipande cha kumbukumbu, funga. Utaiona ikiomba /etc/ld.so.cache ili ijue maktaba zake zimewekwa wapi. Utaiona ikiifungua libc, maktaba mama. Utaiona ikifungua /etc/localtime, ambayo kwenye mashine yangu inaelekeza Africa/Dar_es_Salaam, na ukiifuata mpaka mwisho katika hazina ya majira ya dunia utakuta kwamba hilo ni jina la pili tu la saa ya Nairobi (tuyaache hayo, watani wasije wakasikia). Mwisho kabisa, write: jibu linachapwa.

Kitu kimoja hutakiona. Lile swali lenyewe, la saa ngapi, halimo. Swali hilo huulizwa na programu mara nyingi mno, hata ikaonekana ni usumbufu kila mmoja kubisha hodi kwa kerneli kila mara; kwa hiyo kwenye mashine nyingi za kawaida kila programu imebandikiwa saa ukutani mwa chumba chake, ijisomee. Mchunguzi aliyesimama mlangoni anaona shughuli zote isipokuwa ile iliyomleta mgeni.

Ndiyo kazi ninayotaka kuisifu: kukaa mlangoni mwa programu ikiwa kazini na kujua, kwa yale inayoyaomba, kama imeanza kufanya lisiloihusu. Haina jina zuri kwa Kiswahili. Wengine husema ufuatiliaji, neno lenye harufu ya usalama wa taifa. Mimi husema tu kuchungulia.

Maktaba, kwa sisi watu wa programu, si chumba cha vitabu. Ni fungu la msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, mara nyingi usiyemjua, ambalo unalichukua na kulitia ndani ya programu yako ili usihangaike kubuni upya namna ya kubana faili, kuchora risiti au kusoma tarehe. Nyingi ni za bure, na nyingi zinategemea nyingine zinazotegemea nyingine. Na maktaba ikishaingia haibaki kuwa mgeni. Inakula sahani moja na mwenyeji, inavaa nguo zake, inaomba kwa jina lake. Kerneli haioni maktaba ishirini. Inaona mchakato mmoja wenye haki zake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, wakaishia hapo. Namna ya kumjua chawa katikati ya nyuzi wametuachia wenyewe.

Kinga tuliyoizoea inafanana na daftari la wageni kwenye geti la ofisi. Jina, namba ya simu, unamwona nani, saa ya kuingia, sahihi. Unapewa kitambulisho cha plastiki, unapita. Ukishapita, hakuna anayeuliza uko ghorofa ya ngapi. Katika programu daftari hilo ni sahihi za kidijitali na orodha za matoleo yanayojulikana kuwa mabovu. Silidharau, naliandika kila siku. Lakini mwanzoni mwa 2024 lilisainiwa vizuri kabisa, na mwizi akapita.

xz ni programu huria ya kubana faili, na maktaba yake, liblzma, imo karibu katika kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliisaidia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa haki ya kutoa matoleo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka na sahihi yake halali. Ndani yake, kwenye faili zilizoonekana kuwa za majaribio tu, ulifichwa mlango wa uani wa kumwingiza mtu kwenye seva kupitia sshd, huduma ambayo wasimamizi wa seva wanaitumia kuingia kutoka mbali.

Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa anawinda wezi. Ni mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, na alikuwa akipima kasi, kazi inayotaka mashine iliyotulia. Akaona sshd inakula nguvu ya prosesa kupita kiasi, hata kwa wanaokosea jina na kukataliwa palepale. Akapima. Kuingia ambako awali kulichukua sekunde 0.299 sasa kulichukua 0.807. Nusu sekunde! Wengi wetu tungeulaumu mtandao, tukaenda kunywa chai. Yeye aliufuata uchovu ule mpaka ukamfikisha ndani ya liblzma, mahali ambapo chombo chake cha kupimia hakikuweza hata kutaja jina la kazi inayofanyika. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu aliyoyaona wiki chache nyuma kwenye majaribio yake, akaunganisha.

Ninalipenda tukio hili kwa sababu linainyenyekeza fani yangu. Anayechungulia maombi ya kerneli peke yake angeweza kukaa siku nzima asishtuke, maana mwizi alikuwa hajagusa mlango wowote. Alikuwa chumbani anatoka jasho tu, na ni jasho lililomfichua.

Tena kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani sikuelewa. Kile kipakiaji kinachoiunganisha programu na maktaba zake inapoamka kina nafasi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya wakaguzi: ukijisajili hapo unaarifiwa kila maktaba inapoingia na kila jina linapofungwa na kazi yake. Ni kibanda cha mlinzi hasa. Msimbo wa xz ulijipenyeza humohumo, ukakalia kiti, ukasubiri jina RSA_public_decrypt lipite, ukaligeuzia kwake. Na kabla ya hayo ulikuwa umechungulia mazingira. Ukiona dalili za mtu anayechunguza, unalala.

James Anderson alishayaandika masharti ya mlinzi wa programu mwaka 1972, katika ripoti aliyolifanyia jeshi la anga la Marekani. Mlinzi huyo asiweze kuchezewa, asirukwe hata mara moja, na awe mdogo kiasi cha kuweza kukaguliwa yeye mwenyewe hadi mwisho. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na sijaona la nne lenye uzito huo. Mlinzi anayelala chumba kimoja na anayelindwa anavunja la kwanza kabla hata hajaanza kazi, na walinzi wengi wa maktaba, kwa sababu za kasi na urahisi, hulala humohumo.

Kuna matukio, hata hivyo, ambayo mlinzi wa mlangoni angeyaona akiwa anasinzia. Maktaba iitwayo Log4j ni karani. Kazi yake ni kuandika kwenye logi: fulani ameingia, fulani amekosea nywila. Desemba 2021 dunia ilijua kwamba ukiweka maneno ya namna fulani mahali popote atakapoyaandika, kwa mfano kwenye jina la mtumiaji, karani huyo husita katikati ya mstari, akatoka nje, akaenda kwenye seva aliyotajiwa na kurudi na msimbo wa kuendesha. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 2013, na kwa hatari ilipewa alama 10 kati ya 10. Karani ana ruhusa ya kalamu na daftari. Safari ya nje ingeonekana mara moja na mtu yeyote aliyekuwa ameandika mahali fulani kwamba karani hasafiri. Tatizo ni kwamba wachache sana walikuwa wameandika.

Kuandika huko ndiko kugumu. Miaka michache iliyopita nilikuwa mahali ambapo risiti za wateja zilichorwa na maktaba moja ya kutengeneza PDF, na tulikuwa tumeanza kuichungulia. Usiku mmoja kijana aliyekuwa akijifunza kwangu alikuwa zamu. Saa tano simu ikaita.

"Shikamoo kaka, samahani kwa usiku. Maktaba ya risiti imefungua /etc/passwd."

"Marahaba. Kabla yake ilifungua nini?"

Nikasikia vitufe. "nsswitch.conf."

"Na baada yake?"

Kimya kirefu zaidi. Nilijua anapandisha na kushusha mistari, na moyo unamdunda, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye kiti kile. "Imeenda kwenye folda ya yule mtumiaji mpya. Imetafuta .cache, haikuipata, imeitengeneza. Imeandika kitu. Ngoja... orodha ya fonti."

Jina la faili ile linatisha kuliko yaliyomo. Nywila zilihamishiwa /etc/shadow zamani. Passwd imebaki orodha ya wakazi, nani anaitwaje na nyumba yake iko wapi. Na jioni ile ile tulikuwa tumeihamishia huduma ya risiti kwa mtumiaji mpya bila yeyote kukumbuka kuiwekea HOME, ile alama inayoiambia programu nyumbani ni wapi. Maktaba ilitaka kuhifadhi orodha yake ya fonti. Haikujua pa kuiweka. Ikaenda kuuliza kwenye orodha ya wakazi, na kama ilivyo desturi ikaanza kwa nsswitch.conf, ambayo ndiyo inayosema orodha hiyo inapatikana wapi.

"Inatafuta kwao," nikamwambia. "Lala."

Hakulala, najua, na mimi sikulala. Ila usiku ule ulinifundisha kueleza nilichokuwa nakifanya kwa mazoea. Tendo moja halina maana. Kufungua passwd si kosa wala si wema. Maana iko kwenye kilichotangulia na kilichofuata. Mwaka 1996 Stephanie Forrest na wenzake, huko New Mexico, walionyesha kwamba programu inaweza kutambulika kwa vipande vifupi vya maombi yake yanayofuatana, kama mwili unavyojua kilicho chake na kisicho chake. Walijenga kumbukumbu ya mfuatano wa kawaida, na lililotoka nje ya hapo likawa ishara. Nilipokuja kuwasoma niliona aibu kidogo, maana nilidhani nimevumbua.

Kijana angenyamaza, ningemlaumu. Aliona jambo geni akalisema, na ugeni ulikuwa wa kweli. Ninaowaogopa ni wale waliochoshwa na kengele za bure hata wakaizima kengele.

Waandishi wa mfumo endeshi wa OpenBSD waliipa kazi hii sura ninayoipenda kuliko zote: kiapo. Tangu toleo la 5.9, mwaka 2016, programu ikishaamka na kumaliza maandalizi yake inaweza kusimama mbele ya kerneli na kuapa yenyewe: kuanzia sasa nitasoma faili tu, mtandao siugusi. Kiapo kinaweza kupunguzwa baadaye, hakiongezwi. Programu ikikivunja haionywi, inauawa palepale. Na kila maktaba iliyomo ndani inafungwa na kiapo hicho hicho, iwe imekisikia au haikukisikia. Waandishi wa lugha ya Java walijaribu njia ya kuulizana ukoo: si nani anaomba tu, bali nani kamtuma, na huyo naye katumwa na nani, ngazi kwa ngazi. Ilikuwa fikra nzuri ya miaka ya 1990. Kanuni zake zilikuwa ngumu kuandika na nzito kubeba, wachache wakazitumia. Mwaka 2021 ikatangazwa kustaafu, na Java 24 ya mwaka 2025 ikaizima kabisa. Nilisikitika, ingawa nakiri sikuwahi kuitumia zaidi ya mara mbili.

Sisi tuliishia kuitenga maktaba ya risiti. Tuliihamisha kutoka programu kubwa, tukaipa mchakato wake peke yake, kisha tukaiandikia kanuni kwa AppArmor. Chombo hicho kina hali mbili kuu. Katika moja kinazuia. Katika nyingine kinanung'unika tu: kinaacha kila kitu kipite na kuandika lalamiko pembeni. Tulikiacha kinung'unike wiki tatu, na kila asubuhi kijana aliyasoma malalamiko na kuamua, mstari kwa mstari, lipi ni tabia na lipi si tabia. Nilimkatalia kuifunga kanuni kabla mwisho wa mwezi haujapita. Tarehe 30 risiti zinatoka kwa maelfu, na ile maktaba ilianza kufungua faili za muda kwenye /tmp ambazo hatukuwa tumewahi kuziona. Tungeifunga tarehe 20, wateja wangekosa risiti mwisho wa mwezi, na bosi angeamuru tuondoe takataka yote ile.

Kanuni ilipokamilika ilikuwa na mistari michache: fonti, isome; folda yake, isome na kuandika; /tmp, faili zenye jina la namna moja tu; mtandao, hapana. Kila mstari kijana aliuwekea maelezo mafupi baada ya alama ya reli, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, kama tunavyoandika sote. Mstari unaoruhusu kusoma /etc/passwd una maelezo mafupi kuliko yote. Umeandikwa: inatafuta kwao.