Grant alivyoingia Vicksburg kupitia uani

Usiku wa tarehe 16 Aprili 1863, manowari za Admirali David Porter wa Kaskazini ziliteremka mto Mississippi taa zikiwa zimezimwa. Ubavuni mwa vyombo yalifungwa matishari ya makaa, na penye boila yakapangwa marobota ya pamba na majani makavu yaliyolowanishwa maji ili yasishike moto. Injini zilikwenda polepole, mkondo wa mto ukifanya kazi ya kusukuma. Walinzi wa Kusini walipong'amua, walichoma nyumba na mapipa ya lami kando ya mto ili wenzao wa mizinga, juu ya genge la Vicksburg, waone pa kupiga. Porter akavibanisha vyombo vyake kwenye ukingo wa upande wao. Mizinga mingi iliyokaa juu kabisa haikuweza kuinamishwa vya kutosha, na makombora yakapita juu ya vyombo. Ilizama meli moja ya uchukuzi. Manowari zote 7 zilifika kusini ya mji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, mara nyingi husimuliwa kuanzia mapigano ya Gettysburg. Anayetaka kujua ujenerali ulifanywaje katika vita vile, mimi humwambia aanzie usiku huo wa Mississippi. Kabla hajawapiga risasi, Jenerali Ulysses Grant wa Kaskazini alikuwa amekwisha kuwashinda watetezi wa Vicksburg kwa hesabu ya chakula, magari ya kukokotwa na siku.

Tuanze na ugumu wenyewe. Vicksburg ilikuwa juu ya genge la kama mita 60, mahali mto unapokata kona kali. Kaskazini yake ni vinamasi vya mto Yazoo. Nchi kavu inayopitika kwa jeshi iko mashariki, uani kwa mji, na huko ndiko ilikotokea reli ya mji wa Jackson iliyoulisha. Desemba 1862 Grant alijaribu kuifikia kwa ardhi kutoka Tennessee. Tarehe 20 wapanda farasi wa Jenerali Van Dorn wa Kusini wakaliteketeza ghala lake kuu huko Holly Springs. Siku 9 baadaye jenerali wake William Sherman alishambulia upande wa Yazoo, Chickasaw Bayou, akapoteza watu zaidi ya 1,700. Majira yote ya baridi walichimba mfereji na kupenyeza boti kwenye vijito vyembamba, matawi ya miti yakivunja madohani. Hakuna lililofaa.

Lakini Holly Springs ilimwachia Grant somo. Ghala lilipoungua, aliagiza magari yaende mashambani kukusanya chakula, na kilicholetwa kilimshangaza kwa wingi wake. Huyu ni mtu aliyekuwa ofisa wa ugavi katika vita vya Mexico vya 1846 hadi 1848, ambako alimwona Jenerali Winfield Scott akiiacha pwani na kujitosa ndani ya nchi ya adui. Alijua gunia moja la unga linamaanisha nini kwa askari.

Mpango wa Aprili ulikuwa hivi: askari watembee upande wa magharibi wa mto, upande wa Louisiana, mpaka kusini ya Vicksburg, meli zipite mbele ya mizinga usiku, kisha meli ziwavushe. Porter alimwonya mapema kwamba manowari zikishashuka, mkondo hautaziruhusu kurudi kirahisi chini ya moto wa mizinga. Maji yakimwagika hayazoleki. Sherman hakuupenda mpango huo. Grant aliushikilia.

Huku nyuma alimchanganya mpinzani wake, Jenerali John Pemberton, mzaliwa wa Pennsylvania aliyechagua kupigania Kusini. Kanali Benjamin Grierson, aliyekuwa mwalimu wa muziki kabla ya vita, aliondoka La Grange, Tennessee, tarehe 17 Aprili na wapanda farasi 1,700, akalipasua jimbo zima la Mississippi, akang'oa reli na kukata nyaya za telegrafu hadi akatokea Baton Rouge tarehe 2 Mei. Pemberton alikuwa amenyang'anywa sehemu kubwa ya wapanda farasi wake, ikabidi amkimbize Grierson kwa askari wa miguu. Wakati huohuo Sherman alijifanya anashambulia kaskazini ya mji. Macho ya Pemberton yalikuwa kila mahali isipokuwa mtoni kusini.

Tarehe 29 Aprili Porter aliipiga ngome ya Grand Gulf kwa saa 5 na zaidi bila kuinyamazisha. Pa kuvukia hapakuwapo. Usiku ule mtu mmoja mweusi wa eneo lile akawaeleza kwamba huko chini, Bruinsburg, kuna bandari nzuri na njia kavu ya kwenda Port Gibson. Kesho yake askari zaidi ya 17,000 walikanyaga ng'ambo bila kufyatuliwa hata risasi moja. Kumbukumbu alizoandika Grant zinamtaja mtu huyo bila jina, na jambo hilo linaniuma kila ninaposoma habari hizi, kwa kuwa neno lake lilifanya kazi ambayo mizinga ya manowari ilishindwa.

Baada ya ushindi wa Port Gibson tarehe 1 Mei, Grant alitegemewa ateremke kuungana na Jenerali Banks wa Kaskazini dhidi ya ngome ya Port Hudson. Banks akasema hatakuwa tayari kabla ya tarehe 10. Grant akaamua kwenda ndani peke yake, akijua kwamba katazo kutoka Washington litamkuta yuko mbali.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana, kwamba alikata kabisa njia yake ya ugavi. Hakukata. Misafara iliendelea kutoka Grand Gulf, ila ilibeba yale tu ambayo mashamba hayana: risasi, biskuti ngumu, kahawa, chumvi. Nyama na mahindi askari walijitafutia. Magari hayakutosha, wakachukua kila chenye magurudumu. Matajiri wa mashamba waliona magari yao ya fahari yamejazwa masanduku ya risasi karibu na paa, yakivutwa na nyumbu waliofungwa hatamu za jembe.

Aliipita Vicksburg akaelekea kaskazini-mashariki, kwenye reli. Tarehe 12 Mei kikosi cha jenerali wake McPherson kilishinda Raymond. Jenerali Joseph Johnston wa Kusini alikuwa anakusanya askari Jackson, kwa hiyo Grant akamgeukia huyo kwanza, na tarehe 14 mji ukatekwa. Yeye na Sherman waliingia kiwanda kimoja cha nguo, wakakuta vitambaa vya mahema vinaendelea kufumwa kana kwamba hakuna vita. Waliwaambia wafanyakazi wachukue kitambaa wanachoweza kubeba waende zao, kisha kiwanda kikachomwa. Reli ziliwekwa juu ya moto wa mataruma, zikapinda. Vicksburg ilikuwa imekatwa mshipa.

Pemberton alikuwa na amri mbili: Rais Jefferson Davis wa Kusini alimtaka asiiache Vicksburg, Johnston alimtaka atoke waungane. Johnston alituma barua yake kwa wajumbe watatu, na mmoja alikuwa jasusi wa Kaskazini, Grant akaisoma. Pemberton akachagua njia ya tatu, kwenda kuikata njia ya ugavi ya Grant, ambayo kwa hakika ilikuwa misafara ya hapa na pale. Tarehe 16 Mei, Champion Hill, askari wake kama 23,000 walikutana na 32,000. Divisheni ya Hovey ilikipanda kilima, ikasukumwa chini, ikasaidiwa na brigedi za Crocker, kikachukuliwa tena. Divisheni ya Loring ilitengwa na haikurudi Vicksburg kamwe. Kesho yake, kwenye daraja la Big Black, Kusini walipoteza mateka wapatao 1,700 na mizinga 18. Siku 18 tangu Bruinsburg, mapigano makubwa 5.

Sitamfichia Grant makosa. Alizishambulia ngome za Vicksburg tarehe 19 Mei akashindwa. Tarehe 22 akarudia, akapoteza watu kama 3,200. Waliojeruhiwa waliachwa juani kati ya majeshi mpaka tarehe 25, tena aliyeomba mapigano yasimame ili wafu wazikwe na majeruhi waokolewe ni Pemberton. Hilo halina utetezi.

Akauzingira mji. Kilichofuata ni njaa. Raia walihamia mapangoni, gazeti la mji likachapwa nyuma ya karatasi za ukutani, nyama ya nyumbu ikawa chakula. Tarehe 4 Julai Pemberton alisalimisha askari wapatao 29,500, na siku 5 baadaye Port Hudson ikafuata.

Tarehe 13 Julai Rais Lincoln alimwandikia Grant, mtu ambaye hakukumbuka kama waliwahi kuonana. Alikiri kwamba Grant alipoiacha njia ya Banks na kuingia ndani, yeye aliogopa kuwa ni kosa. Sasa alitaka kusema waziwazi kwamba Grant ndiye aliyekuwa sahihi.