Shida si majani, shida ni fasi

Bandugu, filme "You've Been Trumped" ya Anthony Baxter si mpya, ilitoka 2011. Mi niliiangalia juzi usiku kwenye telefone, na asubuhi nilikuwa bado na hasira. Hasira mbili: moja juu ya mambo inayoonyesha, ingine juu ya kitu inachokipita mbio.

Kwa wale hawajaiona. Tuko Menie, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Aberdeen, Skotlandi. Donald Trump, wakati ule mfanyabiashara tu, ananunua eneo na kutangaza viwanja viwili vya gofu, hoteli ya vyumba 450, nyumba 950 za mapumziko na nyumba zingine 500 za kukaa watu. Kwa hiyo usifikirie kiwanja cha michezo tu. Ni mji mdogo mzima unaozunguka majani, vile wanavyojenga siku hizi Marekani, Dubai, kila fasi penye watu wa kulipa. Mwaka 2007 komite ya halmashauri ya pale ilikataa. Serikali ya Skotlandi ikachukua dosie yenyewe, na 2008 ikakubali: faida ya uchumi inapita hasara ya mazingira. Kazi 6000 ziliahidiwa. Mpaka leo hazijafika hata elfu moja.

Baxter anafuata watu waliokataa kuuza nyumba zao, zaidi Michael Forbes, mkulima na mvuvi wa samoni. Katapila zinasukuma udongo mpaka karibu na madirisha ya watu. Baxter mwenyewe anafungwa pingu mbele ya kamera. Na kuna mama ya Forbes, mzee kabisa, anaenda kuchota maji kwenye kijito kwa sababu bomba liliharibika wakati wa kazi. Sisi wa Katuba tunajua mambo ya bidoni. Lakini kuona mzee wa Ulaya anainama vile, jirani na mradi wa mamilioni, ilinigusa.

Kama filme ya watu, iko nzuri sana. Baxter hana haraka, anakaa jikoni na wenyeji, anawaacha waseme kwa lugha yao. Vipande anavyochomeka vya ile filme ya zamani "Local Hero" ya 1983 mi naona vimezidi, vinageuza kijiji kuwa kadi posta. Si neno.

Shida yangu iko kwingine. Filme inatupatia mtu mmoja wa kuchukia, na mtu huyo ni rahisi kuchukia. Ukimaliza unasema: angekuja mwingine, mpole, mwenye cheti cha mazingira, ingekuwa sawa. Hapo njo ninapokataa.

Sisi wa agronomia tunajua dawa za kufanya gofu "ya kijani". Grini moja ya kisasa mara nyingi inakalia sentimita 30 za mchanga juu ya kokoto, na jani linakatwa mpaka kama milimita 3. Mchanga haushiki maji, haushiki azoti, kwa hiyo unalisha kidogo kidogo, na usipohesabu vizuri mbolea inashuka mpaka kwenye maji ya chini. Basi unapima azoti. Unamwagilia na maji machafu yaliyosafishwa. Kando ya bahari unapanda Paspalum vaginatum, linavumilia chumvi. Katika nchi za joto unapanda Cynodon dactylon, ndiyo, lile lile tunalong'oa kwenye mahindi kila msimu, wenzetu wanalinunua. Katikati ya mashimo unaacha pori lijiotee. Yote hii ni kazi ya kweli, mi ningeifanya kesho wakiniita.

Sasa rudi Menie. Mchanga wa pale ulikuwa umelindwa na sheria, sehemu ya Foveran Links, kwa sababu moja: ulikuwa unahama. Upepo unausukuma, vilima vinazaliwa na kufa, na ile mwendo yenyewe njo ilikuwa mali. Gofu haiwezi kukaa juu ya kitu kinachohama. Ikabidi kuusimamisha, na dawa ilikuwa kupanda Ammophila arenaria, jani la pwani lenye mizizi mirefu. Agronome anayepita pale anapiga makofi: mizizi imeshika, mchanga umetulia, kumekuwa kijani. Ni kama vetiver tunayopanda kwenye mabonde ya erozyo, na kwetu tunaita hiyo kulinda mazingira. Kule njo iliua kitu. Desemba 2020, NatureScot, shirika la serikali, liliondoa ulinzi kwenye sehemu ya Menie, maana hakukubaki cha kulinda.

Baxter hakuweza kujua ya 2020, hiyo sitamlaumu. Lakini jambo lilikuwa mbele ya kamera yake tangu mwanzo, na alilipa dakika chache tu. Angekaa juu ya ule mchanga vile alivyokaa jikoni kwa Forbes, tungeona kwamba bustani iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa uharibifu wenyewe. Na tungeuliza zaidi juu ya wale waliotia sinyatire 2008, kuliko nywele za bwana.

Kumbe gofu yenyewe si adui. Skotlandi hiyo hiyo, kusini kidogo, kuna Old Course ya St Andrews, juu ya mchanga wa bahari pia. Ni mali ya umma. Siku ya Mungu hawachezi, watu wanapita na imbwa zao katikati ya kiwanja. Hakuna ukuta. Ukiweka ukuta, barabara, mabomba na nyumba mia tano, umeisha kubadilisha hesabu, hata ukimwagilia na maji ya mvua.

Hapa Lubumbashi tuko na quartier Golf, na wengi wanaokaa kule hawajashika fimbo ya gofu maisha yao yote. Jina limebaki anwani. Lakini miradi ya nyumba zenye geti na majani mazuri inaongezeka, na sheria ya 2011 juu ya mazingira inadai uchunguzi kabla ya kazi kuanza. Kabla. Mwaka uliopita mi niliitwa kwenye mradi mmoja, sitautaja. Nilipofika ukuta ulikuwa umeisha kusimama, katikati ya dambo. Ile dambo wamama walikuwa wanalima lengalenga wakati wa kiangazi, maji iko karibu. Hakuna aliyeniuliza kama fasi ni sawa. Waliniuliza jani gani litapendeza na litakunywa maji kidogo.

Niliwapatia liste ya majani matano, na bei. Ilikuwa liste nzuri. Walinilipa siku ile ile.