Kejeli Baada ya Ukombozi: Mazungumzo ya Yan'an na Masimulizi ya Ding Ling

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa ule uliochipuka katika miaka ya 1970, umeshughulika sana na swali la hadhira: mwandishi anamwandikia nani, na anasimama upande wa tabaka gani? Swali hilo lilikwisha kuulizwa, kwa maneno yanayokaribiana sana na yetu, katika hotuba mbili alizozitoa Mao Zedong tarehe 2 na 23 Mei 1942 mbele ya waandishi na wasanii mjini Yan'an, makao makuu ya Chama cha Kikomunisti cha China wakati wa vita dhidi ya Japani. Fikra za Mao hazikuchelewa kuwafikia wasemaji wa Kiswahili. Redio Peking ilianza kutangaza kwa lugha hii mwaka 1961, na kabla ya muongo huo kwisha maneno yake yalikuwa yamechapwa kwa Kiswahili huko Peking. Hotuba za Yan'an, kwa hiyo, si ngeni kwetu. Lakini tumezisoma nusu. Tumelishika swali la hadhira, tukaliacha lile lililowachoma zaidi waliokuwa wamekaa ukumbini siku ile: mwandishi wa kimapinduzi afanye nini na giza analoliona upande wake mwenyewe?

Makala haya yanalifuatilia swali hilo katika masimulizi ya Ding Ling (1904–1986), mwandishi ambaye kwa kawaida husomwa kama mfano wa kusalimu amri. Inasemwa kwamba kabla ya 1942 alikuwa mkosoaji, na baada ya hapo akawa mtumishi wa sera. Wanaompenda Mao na wanaomchukia wanakubaliana juu ya jambo hili, wakitofautiana tu iwapo walipongeze au walilaani. Ninavyoona, wote wanapitwa na jambo la kifani. Kejeli ya Ding Ling haikufa mwaka 1942, ilihama. Ilitoka katika sauti ya mwandishi ikaingia katika muundo wa hadithi.

Mao anamsoma Lu Xun

Hotuba za Mei 1942 zilikuwa na sababu ya karibu. Tarehe 9 Machi mwaka huo gazeti la Chama la Yan'an lilichapisha insha ya Ding Ling kuhusu Siku ya Wanawake. Insha hiyo ilisema waziwazi kwamba mwanamke wa Yan'an hana njia ya kutoka: asipoolewa anasengenywa, akiolewa na kuzaa anashikwa na malezi, kisha mumewe anaomba talaka kwa hoja kwamba mke amebaki nyuma kisiasa. Katika mwezi huohuo Wang Shiwei aliandika juu ya tofauti za chakula na mavazi kati ya viongozi na watu wa chini. Ding Ling alijikosoa hadharani akasamehewa. Wang Shiwei alikataa, akakamatwa, na mwaka 1947 akauawa.

Jibu la Mao linavutia kwa sababu ni jibu la mhakiki. Hakusema kwamba kejeli ni haramu. Alisema kwamba zipo namna tofauti za kejeli, kwa adui, kwa rafiki na kwa watu wetu wenyewe, na kwamba mtindo mkali wa insha za Lu Xun ulifaa mahali alipoishi Lu Xun, chini ya utawala ulionyima watu uhuru wa kusema. Yan'an, kwa maoni yake, uhuru ulikuwapo, kwa hiyo mwandishi hakuwa na haja ya kusema kwa mafumbo wala kwa uchungu ule. Tuitazame hoja hiyo kwa makini. Imejengwa juu ya wakati: kejeli ni silaha ya jana. Anayeitumia leo, hata akisema kweli, amekosea kalenda.

Mwishoni mwa hotuba Mao alifasiri mistari miwili ya shairi la Lu Xun la mwaka 1932. Ndani yake mshairi anayakabili kwa jicho kali macho na vidole vya wengi wanaomshutumu, kisha anainama kama ng'ombe mtiifu mbele ya mtoto. Kwa Mao, wanaoshutumu ni maadui, na mtoto ni wafanyakazi na umma. Shairi lenyewe lina kichwa kinachoashiria kujicheka, na Lu Xun alikuwa na mwana mdogo nyumbani. Kila mhakiki ana haki ya kupanua maana, nasi tunafanya hivyo kila siku. Lakini katika upanuzi huu kuna kitu kimepotea: kile kicheko cha mshairi kwa nafsi yake. Lu Xun aliyebaki ana ukali kwa nje na unyenyekevu kwa ndani, na hana shaka hata chembe. Na hotuba hizo zilipochapishwa rasmi katika gazeti la Chama, ilikuwa tarehe 19 Oktoba 1943, miaka saba kamili tangu Lu Xun afariki.

Kijiji kama umma

Kabla ya hotuba hizo Ding Ling alikuwa amekwisha kuandika hadithi fupi ambayo, kwangu, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa nadharia ya Yan'an. "Nilipokuwa Kijiji cha Xia" (1941) inamhusu Zhenzhen, msichana wa miaka 18 aliyetekwa na askari wa Japani na kutumiwa kingono. Baadaye alirudishwa kwao kwa makusudi na upande wa mapinduzi ili apeleke habari za kijeshi. Anarudi kijijini akiwa mgonjwa. Jina lake limejengwa kwa herufi yenye maana ya usafi wa mwanamke, ikirudiwa mara mbili. Hilo ni jina la kikatili, na mwandishi analiacha lijisemee.

Wanakijiji ndio umma hasa: maskini, wazalendo, wenye kuteswa na vita. Na hao ndio wanaomcheka, wanaomkwepa njiani, wanaohesabu wanaume aliopita kwao. Wanawake ndio wakali zaidi, kwa kuwa kuanguka kwake kunawathibitishia usafi wao. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni kada wa kike aliyetumwa kijijini kupumzika. Hahukumu. Anaweka kando kando maneno ya shangazi, ya vijana wanaharakati, na ya Zhenzhen mwenyewe, ambaye anaongea bila machozi na bila kuomba huruma. Xia Dabao, mpenzi wake wa zamani, anataka kumwoa. Zhenzhen anakataa, anaondoka kwenda kutibiwa na kusoma.

Zipo tafsiri zinazouona mwisho huu kuwa wa matumaini, na maneno ya msimulizi yanaruhusu hivyo. Lakini haifai kusahau kwamba waliomtuma arudi kwa Wajapani ni walewale watakaomtibu. Hadithi haisemi lolote juu ya hilo. Kimya hicho ndicho kejeli yake. Msomaji anaachiwa ajumlishe mwenyewe hesabu ambayo hakuna mhusika anayeijumlisha, na ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona mbinu ya baadaye ya Ding Ling kuwa ni zao la woga wa baada ya 1942. Mbegu yake ilikuwapo tayari.

Ulinganisho mfupi unafaa hapa. Zhao Shuli, ambaye Chama kilimtukuza kama mwandishi aliyetimiza mafunzo ya Yan'an, naye aliwacheka wanakijiji katika "Ndoa ya Xiao Erhei" (1943): baba mwenye kuamini nyota, mama mzee anayejipodoa na kupandisha pepo. Kicheko hicho kiliruhusiwa kwa kuwa kinachochekwa ni masalia ya zamani, na serikali ya wilaya inaingia mwishoni kuwaunganisha vijana. Ding Ling hakuwa na wilaya ya kuitegemea. Giza la kijiji cha Xia ni la leo.

Mkutano wa saa sita

Riwaya ya "Jua Laangaza Mto Sanggan" (1948) ndiyo inayotajwa kama ushahidi wa kusalimu amri. Ilitokana na kazi ya mwandishi katika kikosi cha ugawaji ardhi wilayani Zhuolu mwaka 1946, na ikapata Tuzo ya Stalin ya mwaka 1951. Mpango wake ni ule unaotarajiwa: kikosi kinafika katika kijiji cha Nuanshui, wakulima wanaamka, kabaila anaangushwa. Lakini tukiacha mpango na kutazama mahali ambapo masimulizi yanakawia, tunaona kitu kingine.

Kwanza, kabaila mwenyewe. Qian Wengui si mwenye ardhi nyingi kuliko wote kijijini. Nguvu yake iko katika mtandao: mwanawe amejiunga na jeshi la Chama, na binti yake ameolewa na Zhang Zhengdian, afisa wa usalama wa kijiji. Yaani mamlaka mapya yamekwisha kuoa katika nyumba ya zamani kabla hata mapinduzi hayajafika mlangoni. Mhakiki anayepima tabaka kwa ekari hatamwona Qian Wengui, kama kikosi kilivyokaribia kutomwona.

Pili, Wen Cai, msomi anayeongoza kikosi, anahutubia wakulima kwa saa sita. Watu wanasinzia, wanatafuta namna ya kuondoka, na yeye anaamini amewaelimisha. Msomaji wa "Gamba la Nyoka" (1979) ya Kezilahabi, aliyewazoea wasomi wanaopeleka ujamaa kijijini, atacheka kicheko anachokijua. Ni kweli kwamba kumcheka msomi kulikubaliana na sera, kwani Mao mwenyewe alikuwa amewashambulia waandishi wa maneno matupu. Hata hivyo, hotuba ya Wen Cai haina kosa la kinadharia. Kila anachosema ndicho msimamo wa Chama. Kinachochekwa ni lugha ya mapinduzi inaposemwa kwa watu wasiopewa nafasi ya kuijibu.

Tatu, umma. Wapangaji wanakwenda kwa Li Zijun kuchukua hati za ardhi, mkewe anapiga magoti na kuwanyooshea sanduku huku akilia, nao wanatoka mikono mitupu, kwa huruma na kwa mazoea. Baadaye, katika mkutano wa kumshtaki Qian Wengui, watu walewale wanampiga karibu kumuua, na katibu wa Chama, Zhang Yumin, analazimika kumkinga kwa mwili wake. Masimulizi yamekwisha kutueleza sababu kabla ya hapo: wakulima wanahofu kwamba adui aliyeachwa hai atalipiza kisasi hali ya mambo ikigeuka. Vurugu yao ni hofu iliyogeuzwa upande. Umma wa riwaya hii una miaka mingi ya unyonge mwilini, na hauwezi kuuvua kwa siku moja ya mkutano.

Riwaya ina udhaifu, na hauhusiani na itikadi peke yake. Heini, binti wa nduguye Qian Wengui, anampenda Cheng Ren, mwenyekiti wa chama cha wakulima. Penzi hilo ndilo mahali ambapo siasa ya ukoo na siasa ya tabaka zingegongana kwa kishindo. Mwandishi analitatua kwa wepesi: Heini alikuwa akionewa nyumbani, kwa hiyo naye amekombolewa. Aliyemwandika Zhenzhen alijua kwamba mambo hayaendi hivyo. Kinyume chake ni Gu Yong, mkulima mwenye bidii aliyeozesha bintiye kwa mwana wa Qian Wengui. Riwaya inafunguka akiwa anaendesha gari la magurudumu ya mpira alilolipata kwa mkwewe mwingine, na hofu yake ya kuitwa tajiri haipati jibu linaloridhisha hadi mwisho. Kwa sababu hiyo yeye anabaki akilini kuliko mashujaa.

Mwaka 1957 Ding Ling alitangazwa kuwa wa mrengo wa kulia, kisha akapelekwa kaskazini-mashariki kufanya kazi za shamba. Alirejeshewa heshima yake mwaka 1979. Katika mashtaka dhidi yake insha ya 1942 ilifufuliwa. Januari 1958 jarida la fasihi la taifa liliichapisha upya, pamoja na hadithi yake "Hospitalini" na maandishi ya Wang Shiwei, ili yakosolewe mara ya pili. Maandishi yaliyokuwa yamesomwa na watu wa mji mmoja wa mapango yakasambazwa China nzima, kwa chapa nzuri, yakiwa na maelezo ya kumwonya msomaji.